Siku Kumi na Moja za Septemba

Jumapili ya mwisho ya Julai mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani kwangu mtaa wa Sakina, Arusha, na bahasha ya kaki. Alikuwa ametoka ibada ya pili, miguu imemvimba kidogo, na viatu alivivua mlangoni bila kuinama, kwa kukanyaga kisigino cha kimoja kwa mguu mwingine. "Shikamoo mamdogo." Kabla marahaba yangu haijaisha alikuwa ameshatoa karatasi mbili na kuzilaza mezani kando ya sahani ya ndizi. Moja kadi ya kliniki. Nyingine barua ya mwajiri.

Barua yenyewe ilikuwa ya upole. Nimeandika barua za ofisini miaka mingi, najua upole unavyokaa kwenye karatasi yenye nembo. Ilimpongeza kwa ujauzito. Ilimshukuru kwa kutoa taarifa mapema. Ikasema kwamba kwa kujali afya yake na ya mtoto, kampuni imemruhusu kuanza likizo ya uzazi tarehe 20 Septemba, wiki 4 kamili kabla ya 18 Oktoba, ambayo ndiyo tarehe ya makisio iliyoandikwa kliniki. Kisha mistari miwili ya mwisho: kwa kuwa kufikia siku hiyo atakuwa hajatimiza miezi 6 kazini, likizo itakuwa bila malipo.

Aliajiriwa tarehe 1 Aprili, mapokezi, kwenye kampuni ya utalii ya hapa hapa Arusha, walipokuwa wanajipanga kwa wageni wa Juni. Miezi 6 yake inatimia 30 Septemba. Kati ya siku aliyopangiwa kuanza likizo na siku ambayo angekuwa amevuka kizingiti, yaani 1 Oktoba, kuna siku 11.

Mshahara wake si wa kutaja gazetini, kwa hiyo tuchukue wa mfano, shilingi 500,000 kwa mwezi. Likizo ni siku 84. Ukigawa mwezi kwa siku 30, siku hizo 84 ni shilingi 1,400,000. Hiyo ndiyo bei ya upole ule.

Sheria yenyewe inasema hivi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Wengi tunaishia kusoma hapo. Kifungu kinachouma kimekaa nyuma kidogo, cha 29, pale sehemu ya likizo inapoanzia: mfanyakazi ambaye utumishi wake haujafika miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo. Iwe ya mwaka, iwe ya ugonjwa, iwe ya uzazi, zote zimetiwa kapu moja.

Kuzitia kapu moja ndiko kunakonishinda kuelewa. Likizo ya mwaka mtu anaichuma. Unafanya kazi, siku zinajikusanya, unapumzika. Kumwambia mgeni kazini asubiri kidogo si kumwonea. Mimba haichumwi kwa utumishi. Haikui polepole kwa sababu mkataba ni mpya, na mtoto hatoki tumboni akiwa na uchovu mdogo kwa mama aliyeajiriwa juzi. Kwetu Marangu mzazi alikaa ndani miezi mitatu, akilishwa mtori na mlaso na mafuta, kazi zote mikononi mwa mama mkwe. Ukihesabu, miezi mitatu ile na siku 84 za Bunge zinakaribiana mno. Na sijasikia mama mkwe aliyemuuliza mzazi kwanza ameolewa pale kwa miezi mingapi.

Turudi kwenye kalenda, maana jambo hili wanasheria wanaliongea kwa vifungu lakini mama analiishi kwa tarehe. Mimba ni wiki 40. Miezi 6 ni wiki 26. Aliyeingia kazini mimba ikiwa na wiki 14 au chini ya hapo atakuwa amefikisha miezi yake 6 siku ya makisio. Akitaka kuzitumia zile wiki 4 za kabla ya kujifungua ambazo sheria inamruhusu, ilitakiwa awe ameingia na wiki 10. Binti yetu aliingia na wiki 11 na siku chache. Yaani yumo ndani ya ule mwanya mwembamba kabisa, mahali ambapo siku ya kuanza likizo ndiyo inayoamua kama kuna mshahara au hakuna.

Na siku hiyo ni ya nani kuipanga? Sheria inasema mfanyakazi anaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya makisio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inadai hivyo. Anaweza. Neno hilo amepewa yeye, hakupewa bosi. Marufuku iliyopo iko upande wa baada: asifanye kazi ndani ya wiki 6 tangu ajifungue, isipokuwa daktari aseme yuko fiti. Kabla ya kujifungua hakuna tarehe ambayo mwajiri anaweza kumsukumia mama nje ya geti akaiita likizo, maadamu kazi haimhatarishi. Mapokezi, kwenye kiti, na feni, si kazi ya hatari.

Kuna na hoja nyingine ambayo mimi naiona ina uzito. Hata akianza 20 Septemba, mkataba haufi. Utumishi unaendelea kuhesabika akiwa nyumbani, na 1 Oktoba itamkuta bado ni mfanyakazi wa kampuni ile ile, mwenye miezi 6 kamili. Kwa nini siku zinazofuata zisilipwe? Ningependa kusikia mwajiri akilijibu hilo mbele ya mwamuzi. Lakini singemshauri mtu mwenye tumbo la miezi saba aanzie kwenye hoja ya kubishaniwa wakati ana njia iliyonyooka, ya kuandika barua na kuchagua tarehe yake mwenyewe.

"Lakini mamdogo, mimi bado niko kwenye majaribio," akasema. "Mkataba unasema majaribio ni mwaka mzima. Bosi anasema mtu wa majaribio hana likizo."

Hii nimeisikia Njiro, nimeisikia Moshi mjini, nimeisikia Karatu kwenye loji, na wanaoisema wengine wanaiamini kweli. Sheria ya likizo haijui majaribio. Inajua miezi 6. Mwajiri anaweza kuandika majaribio ya mwaka, kizingiti cha likizo hakisogei hata siku moja. Vivyo hivyo kwa wale wanaopewa vimikataba vya miezi mitatu mitatu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali unahesabu miezi 6 kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au kwa mikataba kadhaa. Kwa hiyo wale wanaodhani wakikata mkataba vipande wamerudisha saa kwenye sifuri, saa haijarudi.

Nimesema nimeandika barua nyingi. Moja inanisumbua mpaka leo, na siwezi kuandika makala hii nikiipita pembeni.

Miaka ile nilikuwa afisa utumishi kwenye kampuni moja mjini hapa, siitaji. Tulikuwa na msichana wa mahesabu, mwezi wake wa nne kazini, mchapakazi, mtu wa kufunga hesabu za mwezi kabla hujamkumbusha. Asubuhi moja alitapika kwenye korido. Kabla ya chai ya saa nne mkurugenzi alikuwa ameniita. Hakusema neno mimba. Alisema tu, "Yule binti wa mahesabu, majaribio yake unayaonaje?" Nilielewa, na ndiyo aibu yenyewe, kwamba nilielewa upesi. Niliandika kwamba hakukidhi viwango vya kipindi cha majaribio. Viwango gani, sikuandika. Alisaini kuipokea, akauliza kama mshahara wa mwezi ule utatoka kamili, akaondoka na mkoba wake na chupa yake ya maji.

Wakati ule nilijiambia sheria iko upande wetu, na kwa nusu ilikuwa kweli. Sehemu inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi mwenye utumishi usiofika miezi 6. Ile kanuni nzuri kwamba ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi imo ndani ya sehemu hiyo hiyo, kwa hiyo binti yule hakuwa na ufunguo wa mlango huo. Nilichokuwa sikijui, au sikutaka kukijua, ni mlango wa pili. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na katika orodha ya misingi ya ubaguzi ujauzito umetajwa kwa jina lake. Kifungu hicho hakina miezi 6. Hakina hata siku moja. Kinamhesabu mwombaji kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni yake, kwa hiyo kinaanza kufanya kazi kabla hujaajiriwa, tangu kwenye tangazo na kwenye chumba cha usaili.

Na kina kitu kingine ambacho afisa utumishi yeyote akikisoma vizuri atalala vibaya. Mfanyakazi akishaonyesha mambo ambayo kwa sura yake yanaashiria ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Mwajiri ndiye atakayeeleza kwamba ubaguzi haukuwepo, au kwamba sababu ilikuwa nyingine. Fikiria mimi kwenye meza ile. Binti kazi yake safi. Katapika saa mbili na nusu. Barua imechapwa saa nne kasoro. Viwango gani, mama?

Kwa hiyo mwenye mimba kwenye kazi mpya ana milango miwili iliyofungwa na mmoja ulio wazi. Hana likizo yenye malipo, hana kesi ya kuachishwa isivyo halali, lakini ana kesi ya ubaguzi. Wanaofukuzwa mwezi wa tatu au wa nne huambiwa na kila mtu, kuanzia kwa mlinzi wa geti hadi kwa shemeji aliyesoma sheria mwaka mmoja, kwamba wewe hujafikisha miezi sita, nyamaza. Wananyamaza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ina muda wake pia: mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Mama mwenye kichefuchefu, kodi ya nyumba na kibarua kilichoota nyasi anaweza kuzimaliza siku 60 bado anatafuta mtu wa kumwelekeza ofisi ilipo.

Hapo kwenye usaili nikae kidogo. "Umeolewa?" "Una mpango gani na familia?" "Mtoto wako mdogo ana umri gani?" Nimeyauliza mwenyewe, kwa tabasamu, kana kwamba ni mazungumzo. Sijawahi kumuuliza mwanaume hata mmoja mtoto wake ana umri gani. Binti yetu alipofanya usaili mwanzoni mwa Machi mimba ilikuwa na wiki saba au nane, na mwenyewe alidhani ni tumbo la kawaida. Bosi wake sasa anasema alificha. Hata angekuwa anajua, taarifa ambayo sheria inamdai ni ya angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makisio, pamoja na cheti cha daktari. Kwake hiyo ilikuwa 18 Julai. Alipeleka tarehe 10. Amewahi, hajaficha.

(Anayeajiriwa mimba ikiwa na miezi saba hawezi kutoa taarifa ya miezi mitatu hata akipiga magoti. Waliotunga kifungu hawakumfikiria kabisa.)

Sasa upande wa pili wa meza, maana nimekaa huko pia na sipendi makala zinazomchora kila mwajiri kama fisi. Kampuni nyingi za utalii za Arusha si majengo marefu. Ni ofisi ya vyumba vitatu, watu tisa, magari manne ambayo mawili yana mkopo. Aprili na Mei mvua inanyesha na simu hazilii. Fedha ya mwaka inaingia kuanzia Juni, na ikifika Agosti kila mtu anataka kwenda kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Katika wiki hizo ndipo mtu wako wa mapokezi anakuletea cheti cha kliniki. Utamlipa yeye siku 84, na utamlipa mwingine wa kushika nafasi yake, na huyo mwingine utamfundisha upya namna ya kujibu barua pepe za Wajerumani. Sheria imemwachia mwajiri huyo mshahara wote wa likizo autoe mfukoni mwake. Anayeajiri wanaume watupu hatoi hata senti.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, kwa maoni yangu. Tumeweka gharama ya uzazi wa taifa kwenye daftari la bosi mmoja mmoja, kisha tunashangaa bosi akikagua tumbo. Kizingiti cha miezi 6 kiliwekwa kumpunguzia makali, na kimempunguzia kweli, kwa kumwongezea mama. Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba wake Na. 183 wa mwaka 2000 lilishaliona hili: linataka likizo isiyopungua wiki 14, na linataka fedha zitoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, mwajiri mmoja asibebeshwe gharama peke yake. Wiki zetu ni 12. Tofauti ya wiki mbili inanihangaisha kidogo tu. Kinachonihangaisha sana ni nani anayelipa.

Msomaji atasema, si kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Kuna. Mfuko una fao la uzazi, na ni fao zuri kwa anayelipata. Lakini masharti yake ni michango ya miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 iliyotangulia wiki ya makisio. Miaka mitatu ya michango! Sheria ya ajira inakudai miezi 6 kwa mwajiri mmoja, mfuko unakudai mara sita ya hiyo. Kitu kimoja kinachomfaa mwenye kazi mpya ni kwamba michango haifi na kazi. Namba ya uanachama ni yako, unahama nayo, na ile ya kazi ya zamani inahesabika.

Tukafungua michango yake kwenye simu pale pale mezani. Kabla ya kazi hii alifanya kazi mbili, moja hoteli ya Moshi, moja loji ya Karatu, jumla miaka mitatu na ushee. Tulitarajia kuona michango isiyopungua 36. Tulikuta 19. Loji ilimkata kila mwezi, hati za mshahara anazo na makato yameandikwa, ila fedha haikufika kwenye mfuko. Alitazama skrini kwa muda, akaipandisha, akaishusha, kama mtu anayedhani miezi mingine imejificha chini. Hakusema kitu. Akamenya ndizi.

Kwa hiyo mwenye makosa si mmoja. Mwajiri wa juzi hakupeleka michango, wa leo anachezea tarehe, na sheria imeacha ufa katikati yao ambamo mtoto anazaliwa.

Wenzetu wa jirani wamefanyaje? Vuka Namanga, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haimuulizi ameanza kazi lini. Taarifa ni ya siku 7. Sisemi Kenya ni peponi. Mzigo wa mshahara huko nao umeangukia kwa mwajiri, na mabosi wa Nairobi nao wanajua kukagua tumbo. Ila kizingiti hakipo. Dereva wa utalii anayeshusha wageni mpakani anaweza kuona wasichana wawili wa mapokezi, kila mmoja upande wake wa geti, mimba sawa, mkataba sawa, mmoja analipwa na mmoja anapewa pongezi.

Yapo mambo ambayo kazi mpya inamnufaisha mama, nisiyafiche. Malipo ya likizo ya uzazi yanahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36 ya ajira, na mwajiri analazimika kulipa likizo hizo mara nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Ukihamia kwa mwajiri mpya, mzunguko unaanza upya. Na mwaka 2025 Bunge liliongeza kitu cha maana kwa mama wa mtoto njiti: likizo yake inaongezewa muda wa ujauzito ambao haukutimia. Tulikuwa tumeahidiwa hapa hapa Arusha, Mei Mosi ya 2024, uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nafurahi. Ila mama wa njiti mwenye miezi mitano kazini bado anasimama nje ya kizingiti kile kile.

Kuna kundi ambalo linadhani halina chochote kumbe lina zaidi ya huyu wa ofisini: wafanyakazi wa msimu. Wanawake wanaochambua na kufunga maua Usa River na Tengeru, wanaochuma kahawa mashambani, wengi huambiwa wewe ni wa msimu, huna likizo. Kifungu kile kile cha 29 kinasema kinyume: aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, kizingiti cha miezi 6 hakimhusu. Na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri yule yule, akijumlisha vipande vyake vikapita miezi 6, naye anahesabika. Juu ya hapo, mjamzito au anayenyonyesha haruhusiwi kupangiwa kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Mwajiri atafute kazi mbadala ikiwezekana, kwa masharti yasiyo duni. Aliye kwenye banda la maua siku ya kunyunyizia dawa anajua nazungumzia nini. Matawi ya vyama vya wafanyakazi mashambani wangekibandika kifungu hiki ukutani, karibu na saa ya kuingilia, wangekuwa wamefanya kazi ya mwaka mzima.

Halafu sisi wenyewe. Ninaandika haya nikiwa mezani, na jikoni dada wa kazi anaosha vyombo. Sheria hii inamgusa na yeye pia. Walioachwa nje yake ni wa majeshi, polisi na magereza, si yule anayelala chumba cha nyuma. Wangapi kati yetu wanaolalamikia mabosi wao wamewahi kumpandisha dada basi la Singida kwa sababu tumbo limeonekana? Na mama wa ofisini atarudije kazini baada ya siku 84 bila dada? Anayerudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi za kumnyonyesha mtoto. Kutoka katikati ya mji hadi Usa River kwa daladala, jioni, saa mbili zinaweza kuishia barabarani. Hilo ni la makala nyingine.

Ningekuwa na kalamu ya Bunge ningefanya mawili tu. Ningeitoa likizo ya uzazi kwenye kapu la kifungu cha 29, isihusiane na miezi 6. Na siku hiyo hiyo, si mwaka unaofuata, ningehamishia mshahara wa siku 84 kwenye mfuko wa jamii, kwa masharti ya michango ambayo msichana wa miaka 24 anaweza kuyafikia. Nikifanya la kwanza bila la pili, waajiri wadogo wataacha kuajiri wasichana kimyakimya, na mimi ninayewajua nitakuwa wa mwisho kushangaa. Mfuko utasema haumudu. Tuoneshwe hesabu, na katika hesabu hiyo iwemo michango iliyokatwa kwenye mishahara na kuishia njiani.

Wakati huo haujafika, na mezani kulikuwa na barua ya kujibu. Tuliandika fupi. Kwamba anashukuru kwa pongezi. Kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 33 amechagua kuanza likizo yake tarehe 2 Oktoba. Kwamba ataleta cheti cha daktari kuthibitisha anaweza kuendelea na kazi ya mapokezi hadi tarehe hiyo. Nilimwambia atoe nakala mbili, apigiwe mhuri moja, na awe na tabia ya kuandika kwenye daftari kila kitu anachoambiwa kuhusu tumbo lake, tarehe, saa na nani alikuwepo, maana kabla ya 1 Oktoba mlango wake ni ule wa kifungu cha 7 na mlango huo unafunguliwa kwa kumbukumbu. Nilimwambia pia kwamba likizo ikiisha akarudi kazini wakakataa kumpokea, sheria inahesabu hilo kuwa ni kumwachisha kazi, na hapo atakuwa na miezi yake 6 na zaidi.

Alizikunja karatasi akazirudisha kwenye bahasha. Akaitoa tena kadi ya kliniki, akaiangalia ile tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu.

"Mamdogo, na akija mapema?"

Nikachukua simu, nikafungua kalenda, nikahesabu kurudi nyuma kutoka 18 Oktoba. Wiki ya 37, ambayo mtoto akizaliwa haitwi njiti, inatimia tarehe 27 Septemba.